Jioni Isiyo na Vigingi: Uchambuzi wa Kisa cha Idhaa ya Tatu ya BBC, 1957

Jumatatu ya tarehe 30 Septemba 1957, masafa ambayo kwa miaka kumi na moja yalikuwa yakimletea msikilizaji wa Uingereza tamthilia nzima nzima, mazungumzo ya falsafa na sayansi, na muziki ambao haukupata nafasi kwingineko, yaligawanywa mara mbili. Mwanzo wa jioni ulikabidhiwa idhaa mpya iliyoitwa Network Three, ambayo kazi yake ilikuwa kufundisha lugha na kuwahudumia watu wenye mapenzi mahususi, wakiwamo wavuvi wa ndoano na wafugaji wa nyuki. Idhaa ya zamani, yaani Third Programme, ambayo katika uchambuzi huu nitaiita Idhaa ya Tatu, ilisogezwa hadi karibu na saa mbili usiku, na muda wake wa matangazo ukapunguzwa kutoka saa 40 hivi kwa wiki hadi 24. Uamuzi huo ulikuwa umetangazwa mwezi wa Aprili mwaka huohuo, na baina ya tangazo na utekelezaji ulizuka ubishi uliowaingiza washairi, watunzi wa muziki, waigizaji na maprofesa katika mambo ya ratiba ya redio, jambo ambalo si la kila siku.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa wasomi na wahasibu: upande mmoja watu wanaotetea utamaduni wa juu, upande wa pili shirika linalohesabu vichwa na fedha. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini yanakiacha kando kitu chenyewe kilichokatwa. Pande zote mbili zilizungumza kuhusu idadi ya wasikilizaji na ubora wa vipindi, ilhali kilichoondolewa kilikuwa ni jioni ikiwa kitu kimoja, yenye nafasi ya kutosha kiasi kwamba kipindi kiliweza kuchukua muda kilioutaka, kikarudiwa, na hata kikashindwa bila kumharibia mtu ratiba. Ili jambo hili lionekane, ni lazima kwanza tuitazame jioni hiyo ilivyojengwa.

Idhaa ya Tatu ilianza Jumapili tarehe 29 Septemba 1946, saa kumi na mbili jioni, na mpango ulikuwa irushe matangazo kila siku hadi saa sita usiku. Aliyeianzisha ni William Haley, mkurugenzi mkuu wa BBC, ambaye baada ya vita alizipanga idhaa za ndani ya nchi kwa mfano wa piramidi. Chini kulikuwa na Light Programme, iliyoanza Julai 1945 na kubeba burudani nyepesi. Katikati kulikuwa na Home Service, idhaa ya habari na vipindi vya mchanganyiko. Na kileleni ikakaa Idhaa ya Tatu. Haley aliamini kwamba msikilizaji angepanda ngazi kidogo kidogo, leo akisikiliza wimbo wa dansi, miaka kadhaa baadaye akijikuta ameketi mbele ya tamthilia ya Kigiriki. Imani hiyo, nzuri kama ilivyo, ndiyo iliyokuja kuiponza idhaa, na nitairudia.

Jioni ya kwanza ilionyesha mapema idhaa ilikuwa na tabia gani. Ilifunguliwa kwa kipindi cha dhihaka cha Stephen Potter na Joyce Grenfell kuhusu namna ya kusikiliza redio, uamuzi wa busara kwa idhaa iliyojua kwamba ingetuhumiwa kwa majivuno. Ukafuata muziki wa Bach uliopigwa kwa hapsikodi, kile kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hukwanyuliwa badala ya kugongwa. Yakaja mazungumzo ya Jenerali Smuts, waziri mkuu wa Afrika Kusini, kuhusu hali ya dunia. Na kukawa na tamasha la okestra chini ya Adrian Boult, likiwa na utangulizi mpya uliotungwa na Benjamin Britten kwa ajili ya usiku huo. Ndani ya wiki hiyohiyo, kwa kumuenzi George Bernard Shaw aliyekuwa ametimiza miaka 90, tamthilia yake moja ndefu mno, ambayo majumba ya maonyesho kwa kawaida huikata kitendo kizima, ilirushwa bila kukatwa na ikachukua sehemu kubwa ya jioni.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Katika idhaa nyingine zote, ratiba ilikuwa imefungwa kwenye vigingi: taarifa ya habari kwa saa yake, kipindi kinachopendwa kwa saa yake, na kila kilichobaki kikakatwa ili kienee katikati. Anayesoma makala haya na aliyelelewa na redio inayopiga mlio wa saa kamili kabla ya habari anavijua vigingi hivyo vizuri kuliko nitakavyoweza kuvieleza. Idhaa ya Tatu iliving'oa kwa makusudi. Haikulazimika kusimamisha opera ili kupisha habari. Mazungumzo yaliyostahili dakika arobaini yalipewa dakika arobaini. Kazi kubwa zilirudiwa siku chache baadaye, mara nyingine zaidi ya mara moja, kwa sababu Haley alikubali kwamba mtu mwenye shughuli zake hawezi kutegemewa kuwapo nyumbani usiku ule ule idhaa iliouchagua, na kwamba kitu kizito hakieleweki kwa kusikika mara moja. George Barnes, msimamizi wa kwanza wa idhaa, hakuficha kwamba wasikilizaji wasitarajie misaada mingi ya kuwashika mkono. Walichukuliwa kuwa watu makini wanaoweza kujitafutia njia.

Matokeo ya mpango huu ni rahisi kuyaorodhesha, nami sitayaorodhesha yote. Tarehe 28 Januari 1948 Bertrand Russell na padri Frederick Copleston walibishana hewani kuhusu kuwapo kwa Mungu, na wanafunzi wa falsafa bado wanausoma mjadala ule. Tarehe 25 Januari 1954, wiki chache tu baada ya Dylan Thomas kufariki New York, mchezo wake wa sauti kuhusu kijiji cha pwani ya Wales ulirushwa kwa mara ya kwanza, Richard Burton akiwa msimulizi na Douglas Cleverdon akiwa mtayarishaji aliyeusubiri kwa miaka. Inafaa kulitia mkazo hilo neno kuusubiri. Mtayarishaji anayejaza nafasi ya nusu saa kila Jumatano hawezi kumsubiri mshairi asiyemaliza kazi. Mtayarishaji mwenye jioni isiyo na vigingi anaweza.

Mfano unaonifaa zaidi, hata hivyo, ni mdogo kuliko hiyo. Jumatatu ya tarehe 28 Machi 1949, saa kumi na mbili na nusu jioni, mwanafalaki Fred Hoyle alizungumza kwa dakika ishirini hivi kuhusu chanzo cha ulimwengu. Hoyle hakukubaliana na nadharia kwamba ulimwengu ulianza ghafla kwa tukio moja, na ili kuitofautisha na nadharia yake mwenyewe aliipa jina la kuchora picha akilini: mlipuko mkubwa. Jina likakubalika kote duniani, likaishi kuliko nadharia ya aliyelitoa. Mazungumzo yake yalichapishwa baadaye katika jarida la The Listener, kama yalivyochapishwa mengi ya aina hiyo. Namwomba msomaji aikumbuke ile saa kumi na mbili na nusu.

Sasa tugeukie upande wa shirika, kwa maana haukuwa upande wa wapumbavu. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, hadhira ya kawaida ya Idhaa ya Tatu ilikuwa sehemu ndogo tu ya asilimia 1 ya watu wazima wa Uingereza. Kulikuwa na sababu za kiufundi: mitambo ya masafa ya kati haikufika vizuri katika sehemu nyingi za nchi, na mitambo ya FM, ambayo ilileta sauti safi inayofaa muziki, ilianza kazi Wrotham, kusini-mashariki mwa Uingereza, tarehe 2 Mei 1955 tu, wakati watu wachache walikuwa na redio za kuipokea. Lakini hakuna aliyedhani kwamba mitambo peke yake ndiyo ingebadilisha tarakimu hizo. Wasikilizaji hawakuwa wanapanda ngazi za Haley. Aliyependa Light Programme alibaki Light Programme, na idhaa tatu, badala ya kuwa ngazi, zilikuwa vyumba vitatu vyenye milango iliyofungwa. Mpango uliowekwa kwa matarajio ya kupanda ulihukumiwa kwa kipimo hichohicho, ukaonekana umeshindwa.

Juu ya hayo kulikuwa na runinga. Kutawazwa kwa malkia mwaka 1953 kuliziingiza nyumba nyingi katika utazamaji, na Septemba 1955 ikaanza runinga ya biashara, ITV, ikivunja ukiritimba wa BBC. Shirika lilitakiwa kupigana vita vya runinga vyenye gharama kubwa kwa fedha za ada ya leseni ileile, yaani malipo ya wenye redio na runinga, iliyokuwa ikiitunza redio, na kufikia 1958 leseni za runinga zilikuwa zimezipita zile za redio peke yake. Katika hali hiyo, meneja anayetazama jedwali la gharama kwa kila msikilizaji asingeweza kuipita Idhaa ya Tatu bila kusimama. Ndani ya BBC walikuwapo hata waliotaka ifungwe kabisa, na kupunguzwa kwake, chini ya mkurugenzi mkuu Ian Jacob, kulionekana na viongozi kuwa suluhu ya wastani. Walijitetea kwamba mwanzo wa jioni ndio wakati ambao watu wa kawaida wanaotaka kujifunza Kifaransa au Kijerumani wangeweza kufikiwa, na kwamba idhaa ya kifahari isingepoteza chochote cha maana kwa kuanza baada ya chakula cha jioni. Siwezi kusema kwamba hoja hiyo haina uzito. Mtu anayerudi kutoka kazini akitaka kujifunza lugha naye ana haki yake ya masafa, na ufugaji wa nyuki ni maarifa kama maarifa mengine. Dhihaka walizomwagiwa wasikilizaji wa Network Three na watetezi wa Idhaa ya Tatu zinasomeka leo kama aibu ya waliozitoa.

Watetezi hao walijipanga upesi. Chama kiliundwa, na mtu aliyekiongoza kwa bidii zaidi alikuwa Peter Laslett, mwanahistoria wa Cambridge aliyewahi kuwa mtayarishaji wa mazungumzo katika idhaa hiyohiyo. Mshairi T. S. Eliot alijiunga, akaja mwigizaji Laurence Olivier, akaja Ralph Vaughan Williams, mtunzi wa muziki aliyekuwa na umri wa miaka 84 na ambaye hangeishi kufikia mwisho wa mwaka uliofuata. Ujumbe ulikwenda kuonana na viongozi wa BBC katika kiangazi cha 1957. Ulisikilizwa kwa adabu, na uamuzi ukabaki palepale.

Kwa nini ulishindwa, licha ya majina yale? Nadhani jibu liko katika majina yenyewe. Chama kilipowaleta watu mashuhuri kuliko wote katika fasihi na muziki wa Kiingereza, kilithibitisha bila kukusudia kile ambacho wapinzani wake walikuwa wakisema, kwamba idhaa ile ilikuwa mali ya wateule. Hoja kuu ya watetezi ilikuwa ubora: kwamba vitu bora vina haki ya kuwapo hata visikilizwe na wachache. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haijibu swali la saa. Kiongozi wa BBC angeweza kuikubali yote na bado akasema, vyema, vitu bora vitabaki, ila vitabaki ndani ya saa 24. Kuonyesha kwamba ubora wenyewe ulitegemea wingi wa saa kungehitaji hoja ya namna nyingine, isiyo na fahari, ya mtu anayejua ratiba inavyopangwa: kwamba ukipunguza jioni, vya kwanza kuondoka ni marudio, kisha mazungumzo marefu, kisha kazi za watu wasiojulikana, kwa sababu nafasi ikiwa finyu mpangaji huweka kile anachojua kitafanikiwa. Tamthilia kubwa na tamasha kubwa hubaki hadi mwisho. Kwa hiyo ratiba iliyokatwa inaweza kuonekana ya kifahari kuliko ya zamani, huku chemchemi yake ikikauka.

Tuipime hoja hii kwa yaliyotokea, maana haipiti kila mahali. Mwezi Januari 1957, miezi mitatu kabla ya tangazo la kupunguza, Idhaa ya Tatu ilirusha mchezo wa kwanza wa redio wa Samuel Beckett, ulioongozwa na Donald McWhinnie. Mchezo huo ulihitaji sauti zisizo za kawaida: nyayo, magurudumu na wanyama, vyote vikisikika kama vinavyosikika ndani ya kichwa cha bibi kizee anayetembea kwenda stesheni. Mafundi walilazimika kubuni, na haja hiyo ilikuwa mojawapo ya zilizosukuma kufunguliwa, Aprili 1958, kwa karakana ya sauti za kielektroniki huko Maida Vale, London, chini ya Desmond Briscoe na Daphne Oram. Karakana hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza mwaka 1963, kwa mikono ya Delia Derbyshire, muziki wa kufungulia mfululizo wa runinga uliosikika na mamilioni ya watoto. Kipindi ambacho jedwali la hadhira lingekiona kuwa cha watu wachache kilizaa sauti iliyozoeleka kuliko karibu zote nchini. Hakuna safu katika jedwali inayopima kitu cha namna hiyo, na haidhuru kwamba haipo. Kinachodhuru ni kuamua kana kwamba ipo na imejaa sifuri.

Upande wa pili, ni lazima nikiri kwamba idhaa iliyopunguzwa haikufa. Julai 1959 ilirusha mchezo wa Harold Pinter, kijana ambaye mwaka mmoja nyuma tamthilia yake ilikuwa imeanguka vibaya London. Ujira wa redio ulimfaa wakati wa dhiki. Mwaka huohuo William Glock akawa msimamizi wa muziki wa BBC, na tangu mapema 1960 matamasha yake ya Alhamisi yalichanganya muziki wa kale na wa kisasa kwa ujasiri ambao miaka ya Haley haikuwa nao. Mtu anayesema kwamba 1957 ulikuwa mwisho wa kila kitu anaongopa.

Ila tazama kilichopona na kilichopungua. Muziki ulipona vizuri kuliko vyote, kwa kuwa muziki una urefu unaojulikana na unajaza nafasi bila ubishi. Kufikia 1964 ulikuwa umepewa hata saa za mchana katika masafa hayohayo. Tamthilia ilipona kwa kiasi. Mazungumzo marefu ya mtu mmoja mbele ya kipaza sauti, akimweleza asiye mtaalamu jambo ambalo wataalamu wenyewe hawajakubaliana, ndiyo yaliyopoteza zaidi, kwa kuwa hayana kinga ya jina kubwa wala tiketi ya ukumbi. Mwaka 1967 masafa yote hayo yaliwekwa chini ya jina la Radio 3, na mwaka 1970 jina la Third Programme likaondolewa hewani, idhaa ikabaki kuwa, kwa sehemu kubwa, idhaa ya muziki.

Nilimwomba msomaji aikumbuke saa kumi na mbili na nusu ya Hoyle. Ni saa iliyoangukia ndani ya kile kipande kilichokatwa: wakati ambao, kwa hesabu yoyote ya busara, hakuna mtu wa maana anayesikiliza, watoto wanalishwa na wazazi wanavua viatu. Mazungumzo ya mtu mwenye nadharia isiyokubalika yaliwekwa pale hasa kwa sababu saa ile ilikuwa ya bei rahisi. Kama Idhaa ya Tatu ya 1949 ingekuwa inaanza saa mbili usiku, sioni ni nani angempa Hoyle nafasi mbele ya okestra. Pengine angesema maneno yale kwingine. Sitaki kujenga ukuta mzima juu ya tofali moja. Lakini tofali hilo linaonyesha saa zile zilitumikaje, na hakuna mtu katika ubishi wa 1957, wa upande wowote, aliyezitazama kama ardhi ya kujaribia mbegu. Shirika liliona shamba tupu. Watetezi waliona ngome iliyovamiwa. (Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna sadfa ya kuchekesha kidogo: katikati ya msukosuko huo, tarehe 27 Juni 1957, shirika hilohilo lilizindua matangazo yake ya Kiswahili kutoka London.)

Aliyekaribia kulielewa jambo hili, naona, alikuwa Laslett, ingawa si katika kampeni. Baada ya kushindwa aliendelea kufundisha Cambridge na kutafuta njia ya kuwafikishia watu wazima elimu ya chuo kikuu bila kuwaita chuoni. Oktoba 1963, akishirikiana na Michael Young, alifanikisha jaribio la wiki moja ambapo wahadhiri wa Cambridge walifundisha kupitia runinga ya Anglia asubuhi na mapema, kabla watu hawajaenda kazini. Safari hii hakuomba saa za fahari. Aliomba saa ambazo hazikuwa na mtu wa kuzigombania, na kituo kikampa bila shida. Jaribio hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia Open University, chuo kikuu cha kusomea ukiwa mbali, kilichopewa hati yake mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza walipoanza masomo Januari 1971, BBC ndiyo iliyowarushia mihadhara yao, katika nyakati ambazo wapangaji wa ratiba walikuwa hawajui wazifanyie nini.